Shule Iliyo Nyuma ya Ghala

3 Februari

Kwa mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, mgongo umetulia na kile kikohozi cha vumbi la machimbo kimekuachia. Sisi huku hatujambo. Bibi sasa anasikia kwa sikio moja tu, na lipi linasikia inategemea nani anaongea. Mdogo wangu ameingia darasa la mwisho na tayari anatembea kama mkaguzi wa shule. Mama mzima, anakusalimu, ingawa mimi haniongeleshi. Sababu utaiona hapo chini.

Naandika kwa mkono kwa sababu huko kambini mtandao haupo, na siku ule wa bahati ukipatikana unapiga kelele mpaka sisikii neno. Barua nitampa Domo, dereva mwenzako, akija mjini na mzigo. Anajua dirisha letu la chumba cha kufulia hapa hospitalini.

Sasa jambo lenyewe. Mjomba, nataka kuendesha lori. Umesoma sawasawa, usirudie.

Mwezi uliopita lori liliingia hospitali kuleta mashine mpya. Nilisimama karibu na gurudumu, likanifika kifuani. Halafu yule dereva akalirudisha nyuma, na trela lake lote, kwenye kile kichochoro ambacho sisi tukipitisha vigari vya mashuka viwili kwa pamoja tunatukanana. Hakugusa ukuta. Alipolisimamisha likashusha pumzi, psss, kama mtu aliyetua mzigo, na wagonjwa wakajaa madirishani kuchungulia. Mwili ulinisisimka mpaka nikajishika mkono. Nimefua mashuka ya watu miaka sita, sijawahi kusisimka hata mara moja.

Nilipomwambia mama, alimaliza kwanza kuchambua mchele. Kisha akasema, "Nina ndugu mmoja ninayemwombea kila mvua ikinyesha. Wa pili simtaki." Tangu hapo chakula ananiwekea, maneno hapana.

Shule nimepata mbili. Moja iko nyuma ya kituo cha mafuta, wiki mbili tu, cheti mkononi. Nyingine iko nyuma ya lile ghala kuukuu la magunia, miezi mitatu, na ada yake ni zaidi ya mara mbili. Akiba yangu inatosha hiyo ndefu kwa kubana sana, na nikikosea kuchagua sina nyingine. Wewe ndiye dereva katika ukoo huu. Niambie niende wapi.

Mpwa wako.

9 Machi

Mama,

Marahaba. Barua yako, mpwa wangu, imefika na vidole vya Domo vya grisi pembe zote nne, nadhani aliisoma kwa kuipapasa. Nashukuru kwa dawa ya kikohozi uliyompa Domo, ni chungu kiasi kwamba kikohozi chenyewe kimeona aibu. Mwambie bibi yako namsalimu, umwambie upande ule anaosikia. Dada naye mwambie mvua huku haijanyesha, apumzike kidogo.

Kuhusu lori. Nilipomaliza kusoma nilitoka nje, nikaenda kulitazama moja lililoegeshwa. Miaka thelathini nimekaa nayo na bado ukinisimamisha mbele yake ghafla najiona mdogo. Tani arobaini za mawe nyuma, na wewe mbele na viganja viwili. Huwezi kulilazimisha. Unaliomba, linakubali. Asikwambie mtu kwamba utazoea, mimi sijazoea.

Mimi sikusoma popote. Nilianza utingo, nalala juu ya mzigo, mpaka yule mzee aliyekuwa dereva wangu akanipa usukani. Jambo la kwanza alilonifundisha: kila asubuhi ingia uvunguni, vuta zile kamba za matanki ya hewa, litoe jasho. Linapiga mluzi, maji yanamwagika. Kwa nini, hakusema, na mimi sikuuliza. Wakati ule kumuuliza mkubwa "kwa nini" ilikuwa ni kumvunjia heshima. Nimelitoa jasho kila asubuhi tangu siku hiyo, wenzangu wakinicheka kwamba naliamkia gari shikamoo.

Sasa shule. Hiyo ya wiki mbili usiidharau. Hebu niulizie: wanampokea mtu ambaye tayari anajua? Wanajali umri? Cheti chao makampuni wanakikubali? Na je, ni lazima mtu awepo mwenyewe siku zote? Naulizia kwa faida yako.

Mjomba wako.

30 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Huku salama, isipokuwa paa la jikoni limeanza kuvuja na mama anaweka akiba ya mabati. Bibi anasema kuvuja ni kwema, anasaidiwa kuosha vyombo.

Nimekwenda shule zote mbili kama ulivyotaka. Kaa kitako.

Ile ya nyuma ya kituo cha mafuta ina lori moja, Mjomba, limewekwa juu ya mawe. Halina injini. Majani yameota mpaka ndani ya taa. Wanafunzi wanapanda kwa zamu, wanazungusha usukani, na ngurumo wanaitoa kwa midomo. Nakuapia! Kuna baba mzima mwenye mvi alikuwa anapiga gia huku akinguruma, na mwalimu anamwambia, "Ongeza, uko mlimani." Nilikwenda kucheka nyuma ya choo. Maswali yako nimeuliza. Umri hawajali. Kuwepo si lazima. Cheti tayari kimepigwa muhuri, wanasubiri jina tu. Makampuni makubwa wamekistukia, madogo bado wanakipokea.

Ile ya nyuma ya ghala ni uwanja mtupu, malori matatu na mwalimu mmoja, mwanamke mwembamba mwenye sauti ndogo. Hakuniuliza pesa. Alinipa kitambaa, akaniambia nilizunguke lori polepole na nimwambie ninachokiona. Nikamwambia nimeona magurudumu, taa, na mlango. Akaniambia, "Zunguka tena." Mara ya tatu niliona nati moja yenye mchirizi wa kutu, maana yake inalegea. Mjomba, mzunguko wa kwanza ilikuwepo palepale na sikuiona! Nilipata kizunguzungu. Ni kitu gani kingine kiko mbele ya macho yangu kila siku nami sikioni?

Lakini nakwambia kweli, barua yako ilinichoma. Wewe, wa kuniuliza kama ni lazima mtu awepo mwenyewe? Na mbona safari zako hukuzisema hata moja? Zamani ulikuwa unaniandikia mpaka rangi ya mawingu.

Mpwa wako.

2 Mei

Mama,

Marahaba. Mimi mzima. Mabati yakipanda bei mwambie dada anunue upande wa jikoni kwanza.

Safari ni zilezile, hakuna la kuandika.

Kuna rafiki yangu mmoja hapa kambini, dereva wa siku nyingi, anahitaji cheti. Kuendesha anajua, kinachokosekana ni karatasi tu. Niandikie bei ya ile shule ya wiki mbili na jina la anayeshika mihuri. Ni kwa ajili ya huyo rafiki.

Wewe nenda unakotaka.

Mjomba wako.

24 Mei

Mjomba wangu,

Shikamoo mara mbili, kwa sababu leo nitakukosea adabu.

Kwanza habari njema. Nimelipa ile ya nyuma ya ghala. Nilihesabu pesa mbele ya karani mara mbili, na nilipotoka nje mfuko ulikuwa mwepesi na mimi mwenyewe mwepesi. Wiki tatu tumezunguka malori kwa miguu na kukaa darasani. Juzi ndipo nikapanda. Ngazi tatu, halafu dunia yote iko chini yako. Niliona hadi ndani ya nyua za watu, kanga kwenye kamba, kuku, mzee anayenyoa ndevu. Mwalimu akasema, "Achia klachi taratibu, mpaka ulisikie." Nikasubiri. Likatetemeka chini ya nyayo, likanipanda magotini, likafika kifuani, kisha ghala likaanza kusogea. Nakwambia ghala, Mjomba! Niliona ghala linakwenda kabla sijaelewa kwamba ni mimi ninayekwenda. Machozi yalinitoka na sikuwa na huzuni yoyote. Mwalimu akajifanya kutazama kioo cha pembeni.

Sasa la pili. Domo amemwaga mtama. Alipoleta barua yako nilimuuliza kwa nini siku hizi wewe huji mjini na mzigo, anakuja yeye tu. Akasema, "Si mjomba wako yupo getini?" Halafu akajiziba mdomo, lakini unajua ule mdomo ulivyo.

Kumbe kampuni imetoa amri: asiye na cheti cha shule ya udereva asiguse usukani, na mwisho wa mwaka asiyekuwa nacho anaondoka. Wewe uliyewafundisha nusu ya madereva wao unafungua na kufunga mnyororo, na wao wakipita wanakupigia honi ya heshima. Miezi minne sasa, na kwangu hukusema.

Huyo rafiki yako namjua, Mjomba. Nampenda sana. Simtaki akanunue muhuri kwa watu wanaonguruma kwa midomo.

Nimezungumza na mwalimu. Awamu inayofuata inaanza Agosti. Yuko peke yake uwanjani na anahitaji mtu wa kusimamia wanafunzi wanaojifunza kurudi nyuma na trela. Asubuhi ukae darasani, mchana usimamie uwanja, nusu ya ada anakusamehe. Nusu ya pili ilibidi nimwambie mama. Alinisikiliza, akaingia chumbani, akatoka na pesa ya mabati. Akasema, na haya ni maneno yake ya kwanza kwangu tangu Februari: "Huyo mimi ndiye niliyemfundisha kuandika, kwa mkaa, kwenye ukuta wa jikoni. Mwambie aje amalize."

Mpwa wako.

11 Juni

Mama,

Marahaba.

Nilikasirika. Domo sijamsemesha wiki nzima, na kwake kunyimwa maneno ni adhabu kuliko kifungo. Barua yako niliikunja, nikaitia mfukoni, nikafungua mnyororo, nikafunga mnyororo.

Nitakwambia ukweli sasa, uniache. Naona haya. Siku walipoita majina ya wasio na cheti tulikuwa wanne, na mimi ndiye mkubwa. Kijana wa ofisini alinyoosha mkono nimpe ufunguo, akasema "samahani mzee" kwa upole, na upole ule ndio ulionimaliza. Angenitukana ningejua la kujibu. Asubuhi naamka saa ileile, naenda uwanjani kwa mazoea, nafika mahali lilipokuwa gari langu nakuta linaendeshwa na mwingine. Halafu wewe unaniandikia unaniuliza uende wapi, kana kwamba mimi bado ni dereva. Ningekujibu nini?

Na naogopa darasa. Naogopa mwalimu aulize swali ambalo mtoto wa jana analijua na mimi sijui. Kuendesha naendesha, lakini kueleza sijui. Nikifeli je? Sasa hivi watu wanasema nimekosa karatasi. Nikifeli watasema miaka yote ile nilikuwa nabahatisha.

Pesa ya paa la dada siwezi kuila nikakaa kimya. Mwambie mabati nitayanunua mimi kidogo kidogo, nipande juu na kulipiga bati moja moja kwa mkono wangu.

Nitakaa dawati la nyuma kabisa.

Mjomba wako.

19 Agosti

Kwa mpwa wangu, huko kambini kwetu,

Haya ni maajabu: wewe shule imekupeleka kwangu kwenye vumbi kwa mazoezi ya barabarani, mimi niko kwenu nalala kwenye kitanda chako. Miguu inatokeza. Bibi yako hajambo, ananiita mwanafunzi, ananiuliza kila jioni kama nimepigwa. Dada ananifungashia chakula cha mchana kwa kitambaa, na juzi alinirudisha mlangoni nikachane nywele. Paa nimelimaliza. Bati moja nimelipinda, usilitaje.

Dawati la nyuma lilikuwa limejaa. Nimekaa mbele.

Mama, nisikilize. Jana mwalimu alichora breki ubaoni. Mimi najua breki, nilikaa nimekunja mikono. Siku zote nilijua hivi: ukikanyaga, hewa inakwenda kulisimamisha gari. Akasema hiyo ni nusu tu. Ile breki ya kuegesha, kule nyuma, inabanwa na springi nene kama mkono wangu, na hiyo springi haichoki, inataka kubana muda wote. Hewa ndiyo inayoisukuma ikaachia. Hewa ikiisha kabisa, springi inabana. Kwa hiyo gari lile lenyewe linataka kusimama, na hewa ndiyo inayolipa ruhusa ya kwenda! Miaka thelathini nimekaa juu ya kitu hicho nikidhani nalizuia lisikimbie. Nilibaki mdomo wazi, mwalimu akaniuliza kama naumwa.

Halafu akachora matanki. Akasema hewa ikishindiliwa inatoa maji, maji yanakaa chini ya tanki, na usipoyamwaga yanachukua nafasi ya hewa, yanaingia kwenye mabomba, yanaozesha vali. Siku unaihitaji breki, unakanyaga na hewa haifiki, na springi ya nyuma peke yake haiwezi kuushika mzigo mlimani. Akauliza, "Nani anajua tunayatoaje?" Mkono wangu ulipanda wenyewe. Nikasema, "Unaingia uvunguni kila asubuhi, unavuta kamba, unalitoa jasho." Akasema, "Sawa kabisa. Na kwa nini?" Nikainamia daftari. Nilikuwa namkumbuka yule mwenzetu aliyekuwa akinicheka kuliko wote, aliyeteremka mlima na mzigo wa saruji tukamkuta bondeni. Tulisema ni ajali, Mungu amependa. Na mimi nimeteremka mlima uleule salama mara ngapi, kwa sababu tu ya adabu ya kumtii mzee. Sikuwa najua kitu. Mzee yule alinitia uhai wangu mkononi na hakunieleza, labda na yeye hakuelezwa.

Nilitoka nikakaa kwenye kivuli cha trela nikalia kidogo, kisha nikarudi nikaandika yote.

Mjomba wako, mwanafunzi.

20 Septemba

Mjomba mwanafunzi,

Shikamoo. Barua yako niliisoma kambini kwa sauti, mbele ya madereva, nisamehe. Nilipofika kwa mwenzenu wa saruji, wakavua kofia. Asubuhi yake nilipotoka niliona miguu imejipanga chini ya malori yote, na mluzi ukasikika kambi nzima. Domo alikuwa wa kwanza, naye hakuongea.

Mimi huku wananiita Mpwa, hata ofisini. Nimepasi mtihani wa barabara. Kurudi nyuma na trela ndiko kulikonipa alama: ukitaka lende kushoto unapeleka usukani kulia, na wenzangu wote walichanganyikiwa. Mimi nimesukuma vigari viwili vya mashuka vilivyofungwa pamoja miaka sita, mikono ilikuwa inajua kabla yangu.

Sasa sikiliza, na usimwambie mama mpaka niseme mimi. Kampuni inasema njia ndefu ya mlimani kuanzia sasa itakuwa na madereva wawili kwa lori moja. Mimi nafasi ninayo, ila nasubiri wa kupangwa naye. Karani aliniuliza namtaka nani. Nikamwambia mtu wangu bado yuko shule, amsubiri. Akaangalia kalenda akaguna. Amenipa mpaka mwisho wa Novemba. Kwa hiyo soma, Mjomba. Ukifeli watanipanga na Domo, na mimi masikio yangu nayapenda.

Mpwa wako.

2 Novemba

Mama,

Nimefaulu. Sitaandika zaidi leo. Dada amekibandika cheti ukutani jikoni, nimemwomba akibandue, ofisini watakitaka.

Mjomba wako.

14 Desemba

Mama,

Utashangaa kupata barua kwa mtu uliyekaa naye kabini siku nne. Hivi sasa uko chumba cha pili, nasikia unacheka na wapishi wa kambi. Lakini kuna jambo nilishindwa kukwambia kule ndani, na mimi mambo yangu unajua yanatoka kwa kalamu.

Nyumbani salama, dada ameniambia nikuangalie, nikamwambia sasa anayeangaliwa ni mimi.

Uliposhika zamu kule kileleni nilihamia kiti cha abiria. Nadhani hukujua kwamba sijawahi kukikalia. Utingo nilikuwa nalala juu ya mzigo, kisha nikakaa kwenye usukani, basi. Dakika za kwanza mguu wangu ulikuwa unakanyaga breki ambayo haipo, na uliona, ukanyamaza, nashukuru. Ukaanza kuteremka. Ulishuka gia mapema, ukaiacha injini izuie yenyewe, ukagusa breki, ukaachia, ukagusa. Nikakusikiliza mpaka kona ya tatu. Kona ya nne nikagundua kwamba sisikilizi tena.

Nikageuza shingo, nikatazama nje.

Mama, kule kuna bonde. Linaanzia chini ya barabara linaenda mpaka macho yanachoka, na mto unapita katikati ukimeremeta, na ng'ambo kuna milima mitatu, mmoja nyuma ya mwingine, na ndege walikuwa wanaruka chini yetu. Chini yetu! Nimepita pale miaka thelathini, kwenda na kurudi. Najua kila shimo la ile lami, najua kila jiwe la pembeni. Bonde sikuwahi kuliona, kwa sababu mwenye usukani hana ruhusa ya kugeuza shingo.

Uliniuliza, "Mjomba, mbona kimya, nimekosea gia?" Nikasema hapana, endelea.

Ulikuwa hujakosea chochote. Nilikuwa natazama.